Wapagazi wamejaa kwenye benchi, kompyuta inasema hakuna

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ofisi yetu iko Moshi. Nimetengeneza kanzidata ya MySQL yenye jedwali la wapagazi na jedwali la mgawo, yaani nani kapangwa safari ipi. Wiki iliyopita bosi aliomba majina ya wapagazi ambao hawajapangwa. Nikaandika hivi:

SELECT namba, jina FROM wapagazi
WHERE namba NOT IN
  (SELECT mpagazi FROM mgawo WHERE wiki = 32);

Jibu likaja tupu, hata jina moja. Nikichungulia dirishani naona vijana kama 15 wamekaa kwenye benchi wanasubiri kazi. Miezi mitatu nzima amri hiyohiyo ilikuwa inafanya kazi vizuri. La pili: bosi anataka fomu ya wageni ionyeshe nani hana mzio wa dawa. Niweke safu moja ya ndiyo na hapana, au kuna njia bora?
Msomaji, Moshi

Jibu: Marahaba, mwanangu. Amri yako haina kosa la herufi, na MySQL yako ni nzima. Kabla hujasoma zaidi, endesha hii:

SELECT COUNT(*) FROM mgawo
WHERE wiki = 32 AND mpagazi IS NULL;

Ukipata 1 au zaidi, yaani kuna mstari usio na namba ya mpagazi (NULL), mchawi wako ndiye huyo. Nadhani ilikuwa hivi: mtu wa mipango alijua kundi fulani linahitaji wapagazi 20, akawa na majina 19, akahifadhi nafasi ya ishirini bila jina ili hesabu ya chakula na mahema itimie. Simlaumu. Jedwali lilimruhusu, na kila siku anafanya hivyohivyo kwenye karatasi. (Na usiandike mpagazi = NULL. Hiyo haitakupa mstari hata mmoja mpaka mwisho wa dunia, kwa sababu ileile ninayokuja kuieleza.)

Kompyuta ikikutana na NOT IN huifungua kuwa mfululizo wa "si sawa na". Kwa mpagazi namba 7 inauliza: je, 7 si sawa na 3, na si sawa na 12, na si sawa na NULL? Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu si kweli wala si uongo, kwa sababu NULL maana yake ni kwamba thamani haijulikani, na huwezi kusema 7 ni tofauti na kitu usichokijua. Katika SQL, yaani lugha ya amri hizi, jibu la hapo ni la aina ya tatu: haijulikani. Na ukiunganisha kweli na haijulikani kwa "na", unabaki na haijulikani.

Sasa vaa viatu vya hiyo kompyuta. Bosi anakuuliza, "Huyu kijana wa saba, una hakika hayumo kwenye safari ya wiki hii?" Unafungua daftari. Majina 19, yeye hayumo. Lakini mstari wa ishirini umeandikwa "mtu mmoja". Ukiwa mkweli utajibu: sijui, bosi, huenda huyo mmoja ndiye yeye. Akikuuliza juu ya wa nane, jibu ni lilelile. Wa tisa, lilelile. Benchi zima limeingia shakani kwa ajili ya mtu mmoja asiye na jina.

Kwa hiyo hoja ya kompyuta ni nzuri. Mimi naiona nzuri kabisa. Ubaya uko kwenye namna inavyokuletea habari. WHERE hupitisha mistari ya "kweli" tu. Ya "uongo" na ya "haijulikani" inatupwa shimo moja, na ikishatupwa huwezi tena kuzitenganisha. Ilipaswa kukuambia "sina hakika na hawa 15". Badala yake ikanyamaza, nawe ukausoma ule ukimya kuwa "hakuna".

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado kijana kazini, niliwatunzia kanzidata chama kimoja cha ushirika cha kahawa. Nikatoa orodha ya wakulima ambao hawajalipwa malipo ya pili. Ikatoka tupu. Mhasibu alifurahi, mimi nikafurahi zaidi, tukaenda kunywa chai. Baada ya siku mbili uwanja ulikuwa umejaa wazee wenye stakabadhi mkononi. Mstari mmoja wa malipo, mmoja tu, ulikuwa umeingizwa bila namba ya mwanachama kwa kuwa stakabadhi yake ilichanika pembeni. Tangu siku ile orodha tupu hainifurahishi tena. Nikiiona naanza kutafuta stakabadhi iliyochanika.

Dawa ya haraka ni hii:

SELECT w.namba, w.jina
FROM wapagazi w
WHERE NOT EXISTS
  (SELECT 1 FROM mgawo m
   WHERE m.mpagazi = w.namba AND m.wiki = 32);

NOT EXISTS haiulizi kama 7 ni tofauti na kila aliyepangwa. Inatafuta mstari unaomtaja namba 7, ikiukosa, inampitisha. Ule mstari usio na jina haumtaji yeyote, basi haumzuii yeyote, na vijana wako wote watatoka. Unaweza pia kutumia LEFT JOIN na kuchukua wale waliokosa mwenzi, ila hakikisha sharti la wiki = 32 umeliweka ndani ya ON; ukiliweka chini kwenye WHERE utarudi kwenye orodha tupu kwa njia nyingine. EXCEPT, ya kutoa orodha moja kutoka nyingine, nayo ipo, lakini MySQL iliipata mwaka 2022 tu, toleo 8.0.31, na seva nyingi ninazoziona hapa Arusha ni za zamani kuliko hapo.

Lakini usinakili tu ukaondoka. Angalia umekubali nini. Amri ya kwanza ilidai "nina hakika hajapangwa". Hii ya pili inasema "sina mstari unaoonyesha kwamba kapangwa". Kwa shida yako ya benchi hilo latosha, tena ndilo unalotaka, kwani yule wa ishirini atatoka kwenye benchi hilohilo. Kwa mizio ya dawa halitoshi hata kidogo. Tofauti ya hizo sentensi mbili ndiyo kiini cha maswali yako yote mawili.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba "hakupangwa" si "hajapangwa". Ukisema hakupangwa umefunga mlango: wiki imepita, kazi hakupata. Ukisema hajapangwa, mlango uko wazi, bado. Kuna na "hapangwi", yaani mwaka huu hapandi kwa sababu daktari kakataa. Kuna na "sijui kama kapangwa". Mtu wa Moshi anachagua moja kati ya hizo nne bila kufikiri. Jedwali lako lina njia moja tu ya kuzisema zote: kutokuwa na mstari. Wewe mwenye jedwali ndiye unayepaswa kuamua, tena kwa maandishi, ukimya huo una maana ipi kati ya hizo nne.

Wenye fani waliamua mapema. Edgar Codd wa IBM alipoandika makala yake ya mwaka 1970, iliyozaa kanzidata za majedwali, alilichukua jedwali kama seti: mstari uliomo ni dai la kweli. Mstari usiokuwemo je? Aliyelipa jambo hilo jina ni Raymond Reiter wa Kanada, mwaka 1978. Aliliita dhana ya dunia iliyofungwa: kisichoandikwa, wala hakiwezi kutolewa kwenye kilichoandikwa, kihesabiwe ni uongo. Katika mkusanyiko uleule wa mwaka huo Keith Clark alieleza jambo la karibu sana, kwamba kushindwa kuthibitisha kitu kuchukuliwe kuwa ni kukikanusha. Sisi tunayo methali: asiyekuwapo na lake halipo. Mabwana hao sidhani kama waliwahi kuisikia, lakini NOT EXISTS ni methali hiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Na walikuwa na sababu nzuri. Chukua kampuni yenye wapagazi 300 na safari 150 kwa mwaka. Hizo ni jozi 45,000 za mpagazi na safari. Kama kila safari inachukua watu 20, mistari ya "kapangwa" ni 3,000. Iliyobaki 42,000 ni ya "hakupangwa". Nani ataiandika? Na ukishaiandika, kila kijana mpya anayesajiliwa anakuja na mistari mingine 150 ya kukanusha. Hapana nyingi duniani hazina faida ya kuandikwa, na ni sawa kabisa kuziacha ziwe kimya, ilimradi orodha ya ndiyo imekamilika.

Hilo neno "imekamilika" ndilo watu wanaloliruka. Pale stendi ya Moshi ukiangalia ratiba ya mabasi makubwa ya Dar es Salaam na usione basi la saa tisa mchana, unaamini halipo, na ni haki yako kuamini. Lakini Coaster za kwenda Arusha haziko kwenye ratiba yoyote, zinaondoka zikijaa. Mgeni anayeisoma ratiba kama ameandikiwa dunia nzima atalala Moshi bure, na gari linapiga honi mita 20 kutoka alipokaa. Ratiba ile imefungwa kwa mabasi ya Dar, iko wazi kwa Coaster. Majedwali yako yako hivyohivyo: moja limefungwa, la pili liko wazi, na mengine yamefungwa nusu.

Kuna mahali dhana hii inavunjika vibaya, na kwenye kazi za safari utakutana napo. Bosi anasema, "Kundi la Jumatatu litapikiwa na mpishi mzee au na mpishi kijana, tutaamua." Ni habari ya kweli, tena muhimu. Utaiandika wapi? Jedwali la mgawo halina mstari wa mzee wala wa kijana. Dunia iliyofungwa inasema: mzee hapiki. Inasema pia: kijana hapiki. Ukiziweka pamoja na maneno ya bosi unapata mgongano wa wazi. Reiter mwenyewe aliliona hili. Jedwali la kawaida halina mahali pa "au". "Au" yako lazima iwe na jedwali lake, la nafasi ambazo hazijaamuliwa, lenye wagombea wa kila nafasi. Nafasi ya ishirini isiyo na jina ni ndugu wa jambo hilo. Ni "au" yenye wagombea 15.

Jingine, dogo lakini linanyima watu usingizi: "nani hajapangwa" ni swali lisilo na jibu mpaka useme kati ya nani. Mimi sijapangwa kupanda mlima wiki ya 32. Mkuu wa mkoa naye hajapangwa. Ndiyo maana hesabu ya Codd ina tendo la kutoa seti moja kutoka nyingine, haina tendo la "vyote visivyokuwemo". Kila orodha yako ya hapana inazaliwa ndani ya orodha kubwa zaidi ya ndiyo, kwako ni jedwali la wapagazi. Kama kwenye lile benchi yupo kijana aliyekuja kutoka Marangu jana na hajasajiliwa, amri yoyote utakayoandika haitamtaja. Hayumo kwa waliopangwa, hayumo kwa wasiopangwa. Mhesabu kwa macho.

Sasa mizio. Usiweke safu ya ana_mzio yenye ndiyo na hapana, na zaidi ya yote usiipe thamani ya kuanzia ya "hapana". Huo ni uongo unaojiandika wenyewe. Mgeni kajaza fomu nusu, intaneti ikakatika, kanzidata ikamwandikia kwamba hana mzio. Hakuna aliyemuuliza. Mwongoza wageni atakuwa kambi ya Barafu, mita zaidi ya 4,600 juu, anasoma karatasi uliyoichapa wewe, na karatasi inasema hapana kwa ujasiri uleule iwe mgeni aliapa au hakuulizwa kabisa. Kuna dawa, acetazolamide, ambayo wapandaji wengi hupewa kuzuia maradhi ya kimo. Ni ya jamii ya sulfonamide, na daktari anayeiandika hutaka kujua kama mtu amewahi kupata shida na dawa za sulfa. Hapo ukimya hauna haki ya kuitwa hapana. Hapana hiyo iandikwe, na aliyeisema ajulikane.

Ningefanya hivi:

CREATE TABLE majibu (
  mgeni INT NOT NULL,
  swali VARCHAR(20) NOT NULL,
  jibu VARCHAR(10) NOT NULL
    CHECK (jibu IN ('ndiyo','hapana','hajui','amekataa')),
  tarehe DATE NOT NULL,
  PRIMARY KEY (mgeni, swali),
  UNIQUE (mgeni, swali, jibu)
);

CREATE TABLE mizio (
  mgeni INT NOT NULL,
  swali VARCHAR(20) NOT NULL,
  jibu VARCHAR(10) NOT NULL CHECK (jibu = 'ndiyo'),
  kitu VARCHAR(60) NOT NULL,
  PRIMARY KEY (mgeni, swali, kitu),
  FOREIGN KEY (mgeni, swali, jibu)
    REFERENCES majibu (mgeni, swali, jibu)
);

Jedwali la majibu ni jedwali la tukio: mtu aliulizwa, akajibu. "Hapana" sasa ni mstari kamili wenye tarehe. "Hajui" ni jibu la heshima. Wapo watu wazima wasiojua, na daktari anataka kujua kwamba hawajui. "Amekataa" nayo ni habari. Na kutokuwepo kwa mstari kumebaki na maana moja tu: hajaulizwa. Hao unawatafuta kwa NOT EXISTS kutoka jedwali la wageni, siku tatu kabla ya safari, unawapigia simu.

Ile safu ya jibu ndani ya mizio inaonekana kama ya bure, kwa sababu kila mara ni "ndiyo". Iko pale kwa kazi moja: kuzuia kanzidata isiseme mambo mawili. Ufunguo wa nje (FOREIGN KEY) unalazimisha kila mzio uwe na jibu la "ndiyo" nyuma yake. Karani akijaribu kumwandikia penicillin mgeni aliyesema hapana, atakataliwa, na itabidi kwanza ambadilishie jibu. Na mwingine akijaribu kubadili ndiyo kuwa hapana wakati mizio bado ipo, naye atakataliwa. Upande mmoja haujazibwa: mtu anaweza kusema ndiyo na asitajwe mzio hata mmoja. Kwa hilo andika amri ya ukaguzi uiendeshe kila Ijumaa. Kulizuia kwa sharti la jedwali ni kujitafutia kazi.

Ukidhani naitilia chumvi, watu wa hospitali wamepita njia hii. Msamiati wa kitabibu wa SNOMED CT una dhana kamili, yenye namba yake, ya "hakuna mzio unaojulikana". Waliona kwamba faili tupu na faili la mtu aliyeulizwa akakana ni vitu viwili. Angalia na lile neno "unaojulikana". Wameandika kile mtu anachokijua tu. Ukweli wa mwili wake hawakuudai.

Nije kwenye jambo ambalo hukuuliza lakini nina hakika limo kwenye kanzidata yako. Mzigo wa mpagazi Kilimanjaro hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na langoni kuna mizani. Bila shaka umeweka sharti CHECK (uzito <= 20) ukatulia. Jaribu kuingiza mzigo wenye uzito NULL. Utapita. CHECK inafanya kinyume cha WHERE: inakataa "uongo" tu, na "haijulikani" inaipungia mkono ipite. Askari wa lango la Machame hawezi kumwambia mpagazi, "Mzigo wako hatujaupima, basi hatuna ushahidi kwamba umezidi, nenda zako." SQL inamwambia hivyohivyo. Kama uzito ni lazima, andika NOT NULL pamoja na CHECK. (Na kama MySQL yako ni ya kabla ya 8.0.16, ya mwaka 2019, CHECK zako zote zilisomwa zikatupwa kimya kimya. Angalia toleo leo.)

Kwa sababu hiyohiyo ndiyo na hapana hazijumlishwi kuwa wote. Mizigo 60: 41 iko ndani ya kilo 20, 7 imezidi, 12 haijapimwa. Ukiuliza WHERE uzito <= 20 unapata 41. Ukiuliza WHERE NOT (uzito <= 20) unapata 7. Jumla 48, na ile 12 haimo upande wowote. Ripoti yoyote ya "waliofuata na wasiofuata" iwe na mstari wa tatu, hata kama ni sifuri. Bosi atauliza ule mstari ni wa nini. Mwache aulize.

Wataalamu wenyewe hawajapatana juu ya NULL. Codd aliitetea, na baadaye akataka ziwe mbili: moja ya thamani iliyopo ila haijulikani, nyingine ya mahali ambapo thamani haihusiki kabisa, mfano namba ya leseni ya uongozaji kwa mpishi. Chris Date na Hugh Darwen walisimama upande wa pili wakasema zisiwepo hata moja. Mimi nimekaa katikati, ila karibu zaidi na Date: kwenye safu yoyote ambayo siku moja utaiuliza kwa neno "si", weka NOT NULL, na kama thamani inaweza kukosekana, ihamishie jedwali lake. Kwako safu ya kwanza ni mgawo.mpagazi. Tengeneza jedwali la nafasi lenye safari, wiki na namba ya nafasi, 1 mpaka 20, na mgawo uwe ni nafasi iliyopata mtu. Nafasi ya ishirini itakuwepo bila mgawo, chakula na mahema vitahesabiwa kutoka kwenye nafasi, na hata ile NOT IN yako ya zamani itapona.

Bado tofauti ya hajafika na hakufika, ndugu ya ile ya hajapangwa na hakupangwa. Kama mnaandika mahudhurio langoni asubuhi, saa moja na nusu, nusu ya watu hawana mstari. Hawajafika. Saa nne, wale wasio na mstari hawakufika, na inawezekana wanakatwa nafasi zao. Mistari ni ileile na amri ni ileile, lakini maana imebadilika kwa sababu orodha ilifungwa katikati. Kwa hiyo kufungwa kwenyewe kuandike: jedwali dogo la orodha_zilizofungwa lenye siku, lango, saa na jina la aliyefunga. Amri ya "hakufika" iunganishwe na jedwali hilo kwa lazima. Siku ambayo lango halijafungwa orodha, amri isitoe mtu yeyote kama mtoro, na ripoti iseme kwamba orodha ya lango hilo bado iko wazi. Nimeona kijana akinyimwa safari kwa sababu mtandao wa langoni ulikufa na simu ya msimamizi ilituma majina kesho yake. Angekuwa na mstari wa kufunga, ungeonekana haupo.

Yule wa "hapangwi", aliyekatazwa na daktari, usimwache awe kimya hata kidogo. Mpe jedwali la mazuio: mpagazi, sababu, tangu lini, hadi lini. Halafu kwenye ile orodha yako ya benchi ongeza NOT EXISTS ya pili inayoangalia mazuio ya wiki hiyo. Kwenye safu ya "hadi", karani atataka kuacha wazi akimaanisha "mpaka daktari aseme". Mwezi ujao mwingine ataacha wazi akimaanisha "sikuiona tarehe kwenye cheti". Wabishie wote wawili kabla hawajaanza.